Mpira wa rejeta ukivuja: Jinsi ya kuutambua na kuubadilisha kabla injini haijaungua

KATI ya vipuri vyote vya gari, huenda hakuna kinachodharauliwa kama mpira wa rejeta. Haung'ai, haupigi kelele, na bei yake ni ndogo mno ikilinganishwa na ya betri au tairi. Hata hivyo, ndio ambao aghalabu huamua iwapo gari kuukuu litafika Mtito Andei salama au litaachwa kando ya barabara usiku likifuka mvuke huku abiria wakitafuta pa kulala.

Magari mengi tunayoyaendesha humu nchini yaliingia yakiwa yamekwisha kutumika kwingineko. Kanuni za uagizaji huruhusu gari ambalo halijapita umri wa miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, na baada ya hapo huendelea kutumika kwa miaka kumi, kumi na mitano au zaidi. Toyota Corolla za miaka ya 1990, zile ambazo Wakenya walizibandika majina ya '100' na '110', bado zinaonekana barabarani. Chuma cha gari kama hilo chaweza kuwa kizima kabisa, lakini mpira huzeeka hata gari likiwa limeegeshwa.

Ili kuelewa madhara ya mpira unaovuja, yafaa kwanza kufahamu kazi yake. Injini huchoma mafuta kwa joto kali mno, na ni sehemu tu ya nguvu hiyo inayozungusha magurudumu. Joto jingi linalobaki hutoka kwa moshi wa ekzosi na kwa maji yanayozunguka ndani ya kuta za injini. Pampu ndiyo huyasukuma maji hayo. Themostati, ambayo ni kijilango kinachojifungua chenyewe kwa joto, huyazuia yasiingie kwenye rejeta hadi yafikie takriban nyuzi 82 hadi 88 sentigredi, kulingana na aina ya gari. Kwa kuwa injini hutikisika ilhali rejeta imetulia, viungo kati ya viwili hivyo haviwezi kuwa vya chuma. Hapo ndipo mpira, au hosipaipu kama wauitavyo mafundi wengi, unapohitajika.

Kuna jambo ambalo madereva wengi hawalizingatii, nalo ni shinikizo. Maji matupu huchemka kwa nyuzi 100 ukiwa ufuoni Mombasa. Nairobi, iliyo karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, huchemka yakifikia takriban nyuzi 94, na ukipanda hadi Timboroa, kwenye zaidi ya mita 2,700, nyuzi 91 hivi zinatosha. Injini nayo hufanya kazi vyema ikiwa karibu na nyuzi 90. Yaani bila msaada wowote, magari ya nyanda za juu yangekuwa yanakaribia kuchemka kila siku.

Msaada huo hutoka kwa kifuniko cha rejeta. Ukikitazama kwa makini utaona tarakimu kama vile 0.9 au 1.1. Hicho ndicho kiwango cha shinikizo, kwa kipimo cha ba, ambacho springi ya kifuniko huvumilia kabla ya kufunguka na kuachilia maji yaende kwenye tangi la akiba. Maji yaliyofungiwa kwa shinikizo la 0.9 hayachemki Nairobi hadi yapite nyuzi 110.

Kwa sababu hiyo, tundu dogo kama la sindano lina hatari kubwa kuliko linavyoonekana. Haliibi maji pekee bali huiba shinikizo pia, na maji huanza kuchemka ndani ya injini hata kabla hayajapungua kwa kiasi cha kutisha. Mvuke hauondoi joto kwenye chuma ipasavyo. Hedi ya silinda, ambayo katika magari mengi ya kisasa ni ya alumini, hupinda. Gasketi yake huungua. Maji na oili huchanganyika. Dereva anayejifariji kwamba gari lake 'linapunguza kikombe kimoja tu kwa wiki' anapiga hesabu ya maji badala ya kupiga hesabu ya injini.

Isitoshe, geji ya joto kwenye dashibodi yaweza kudanganya. Kihisio chake husoma joto la maji yanayokizunguka. Maji yakiisha ghafla, kihisio hubaki hewani, na mshale waweza kushuka wakati ambapo injini inaungua. Mshale unaopanda kisha ukaanguka ghafla mlimani si habari njema hata kidogo. Simamisha gari mara moja.

Mipira yenyewe

Magari mengi madogo huwa na mipira miwili mikubwa. Wa juu hutoa maji moto kwenye injini na kuyapeleka kwenye rejeta, na wa chini huyarudisha yakiwa yamepoa. Aidha, kuna miwili myembamba inayoelekea kwenye hita iliyo nyuma ya dashibodi, na mingine mifupi inayozunguka karibu na pampu ya maji au chini ya mahali hewa inapoingilia injini. Hii mifupi ndiyo husahaulika, kwa kuwa haionekani hadi uondoe vitu vingine. Ni wamiliki wa Volkswagen za kale zinazopozwa kwa hewa pekee ambao hawana haja ya kujisumbua na habari hizi.

Wakenya wengi hawaitumii hita, hasa wakazi wa Pwani, na hudhani mipira yake haihusiki. La hasha. Katika magari mengi, maji hupita humo au hukaa humo kwa shinikizo lile lile iwe hita imewashwa au la. Mpira wa hita ukipasuka, maji hutoka yote kama ya mpira mkubwa.

Mpira hufa kwa njia kadhaa. Upo ule unaokauka na kuwa mgumu kama ubao kutokana na joto, hasa wa juu. Upo unaolainika na kuvimba kwa sababu oili ya injini imekuwa ikiudondokea kwa miezi; huu usibadilishwe kabla ya kuziba oili, la sivyo mpya nao utaharibika. Lakini wa hatari zaidi ni ule unaooza kutoka ndani. Maji yaliyochakaa, pamoja na metali mbalimbali zilizomo kwenye mfumo, huzusha umeme mdogo unaokula mpira na kuchimba nyufa ndefu ambazo hazionekani kwa nje. Nyufa hizo hupatikana sana karibu na ncha, kwenye sentimita chache kutoka mahali mpira unapofungwa kwa klipu. Mpira wa namna hii waweza kung'aa kwa nje siku ile ile unapopasuka.

Kuutafuta uvujaji

Anza asubuhi, kabla injini haijawashwa. Jioni iliyotangulia, tandika katoni safi chini ya sehemu ya mbele ya gari. Ukiamka, doa litakuonyesha upande, ingawa halitakuonyesha mahali hasa: maji huteremka kwenye mabomba na mabano kabla ya kudondoka, na gari likienda upepo wa feni huyapeperusha kurudi nyuma. Kwa hivyo fuata unyevu ukielekea juu na mbele hadi ufike mahali penye ukavu. Chanzo kiko hapo kwenye mpaka.

Maji safi yasiyo na rangi wala utelezi yanayodondoka karibu na upande wa abiria baada ya kutumia kiyoyozi si kitu. Hayo ni mvuke wa hewa uliogeuka maji. Maji ya rejeta yaliyotiwa kulanti huwa na rangi, iwe kijani, nyekundu au buluu, na huteleza vidoleni. Usiyaonje. Kulanti nyingi hutengenezwa kwa ethilini glikoli, ambayo ni tamu na ni sumu inayoharibu figo.

Kisha kagua kila klipu kwa tochi. Uvujaji mdogo hukauka kwa joto na kuacha ukoko mweupe, wa kijani au wa rangi ya kutu. Ukoko huo ni ushahidi hata kama hakuna tone lolote. Ubinye mpira kwa vidole katikati, halafu karibu na kila ncha, na ulinganishe. Ulio mzima hubonyea na kurudi sawasawa. Ukihisi sehemu moja ni laini kuliko nyingine, au ukisikia mchakarisho ndani kama wa majani makavu, basi umekwisha. Upinde kidogo pia, kwa kuwa nyufa nyingine hujificha hadi mpira ukunjwe.

Ikiwa hujaona chochote, washa injini hadi ipate joto la kawaida na utazame tena, ukiwa umefunga tai, leso na nywele ndefu mbali na mikanda. Feni ya umeme yaweza kuanza kuzunguka hata baada ya kuzima injini, kwa hivyo mikono isiikaribie.

Gereji nyingi zina kipimo cha shinikizo, ambacho ni pampu ndogo ya mkono yenye geji inayofungwa mahali pa kifuniko cha rejeta. Injini ikiwa baridi, fundi hupiga pampu hadi kiwango kilichoandikwa kwenye kifuniko, bila kukipita, kisha husubiri dakika kumi au kumi na tano. Mshale ukishuka, kuna pahali panapovuja, na mara nyingi tone hujitokeza lenyewe. Ni uchunguzi wa muda mfupi na ni bora kuliko kubahatisha. Binafsi ningemlipa fundi kwa kazi hii hata kama ningebadilisha mpira kwa mikono yangu.

Si kila upungufu wa maji unatokana na mpira. Zulia la mbele likilowa na kioo kikiingia ukungu wenye harufu tamu, hita yenyewe imetoboka. Maji yakitoka kwenye kitundu kilicho chini ya pampu, pampu ndiyo mbovu. Moshi mweupe usiokoma kwenye ekzosi, oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa au povu linalochemka mfululizo kwenye rejeta huashiria gasketi ya hedi. Hapo mpira mpya hautasaidia.

Likikuharibikia safarini

Dalili ya kwanza ni mvuke au harufu tamu ya kitu kinachoungua. Egesha mahali salama, zima injini na usubiri. Kosa linalowaunguza watu nyuso na mikono kila mara ni kufungua kifuniko cha rejeta kikiwa moto. Shinikizo likiondoka, maji yaliyopita kiwango cha kuchemka hugeuka mvuke papo hapo na kuruka. Kitambaa hakitoshi kuwa ngao. Subiri saa nzima ikibidi, halafu uguse mpira wa juu. Ukiwa bado mgumu na moto, bado hujafika wakati.

Gari likishapoa, kausha mpira na uufunge kwa utepe wa mpira uliokatwa kwenye tyubu kuukuu ya baiskeli, ukiuvuta kwa nguvu na kuupishanisha, halafu ufunge kwa waya. Ikiwa mpasuko uko kwenye ncha, pengine waweza kuikata ncha hiyo na kuurudisha mpira uliobaki, iwapo una urefu wa kutosha. Jaza maji taratibu injini ikiwa imepoa. Maji baridi yakimwagwa kwenye injini yenye moto mkali yaweza kupasua chuma. Funga kifuniko nusu tu, kwa ile hatua ya kwanza, ili shinikizo lisipande na kuufumua utepe, lakini ukumbuke kwamba maji sasa yatachemka mapema. Nenda polepole, washa hita hadi mwisho ili itoe joto, na usimame kila baada ya kilomita chache. Lengo ni kufika gereji iliyo karibu, wala si kumaliza safari ya kutoka Mai Mahiu hadi Kisumu.

Kununua na kubadilisha

Uondoe mpira wa zamani kwanza, kisha uende nao dukani. Kwenye Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, ambayo wazee bado huiita Grogan, muuzaji atakuuliza aina ya gari na injini, lakini kuulinganisha wa zamani na mpya kwa macho ni salama zaidi. Angalia kipenyo cha ncha zote mbili, kwani wakati mwingine hazilingani, na mikunjo yote. Mpira ulionyooka ukilazimishwa kukunjika hujibana katikati na kuziba njia ya maji. Mipira mingine ya chini huwa na springi ndani ili isifyonzwe na pampu ikajikunja. Ikiwa wako ulikuwa nayo, mpya nao uwe nayo.

Kagua pia ncha ya mpira mpya. Unapaswa kuona nyuzi zilizofumwa kati ya tabaka mbili za mpira. Mpira usiokuwa na nyuzi si wa kazi hii, hata ukiuzwa kwa nusu ya bei. Nunua klipu mpya wakati huo huo. Na ikiwa mmoja umeoza kwa uzee, yamkini mwenzake wa umri ule ule haujaachwa nyuma sana. Busara ni kuibadilisha yote miwili mikubwa pamoja.

Kazi yenyewe haihitaji vifaa vingi: bisibisi, koleo, kisu kikali, msasa laini, karai na tochi. Gari liwe mahali tambarare na injini iwe baridi kabisa. Fungua kifuniko, weka karai, kisha ulegeze koki iliyo chini ya rejeta. Ikiwa koki ni ya plastiki na imekauka kwa uzee, usiilazimishe. Afadhali kulegeza mpira wa chini na kuacha maji yatoke hapo. Gari dogo laweza kutoa lita kadhaa, kwa hivyo karai lisiwe la kunawia mikono.

Legeza klipu na uzisogeze katikati ya mpira. Klipu za springi hubanwa kwa koleo, zile za skrubu hufunguliwa kwa bisibisi. Mpira wa kale hugandamana na shingo ya rejeta, na hapa ndipo mafundi wenye haraka huharibu mambo kwa kuingiza bisibisi na kukongoa. Rejeta nyingi tangu miaka ya 1980 zina matangi ya plastiki, na plastiki iliyopikwa kwa miaka ishirini huvunjika kama biskuti. Jaribu kuuzungusha mpira kwa mkono. Ukikataa, uukate kwa urefu kwa kisu, bila kuchana shingo, kisha uubandue. Mpira wa kutupwa hauna haja ya kuhurumiwa.

Shingo zisuguliwe hadi ziwe laini. Kwa ile ya chuma tumia msasa, kwa plastiki kitambaa kinatosha. Mabaki ya mpira, kutu na chumvi ndiyo hufanya mpira mpya kuvuja siku ya pili. Ikiwa shingo ya chuma imeliwa na kutu hadi ikawa na mashimo, usidanganyike kwamba gundi itatosha.

Vika klipu kwenye mpira mpya kabla ya kuuingiza. Lowesha ncha kwa maji au kulanti ili iteleze. Oili na grisi hudhuru mpira. Sukuma hadi upite ule ukingo ulioinuka kwenye shingo, halafu weka klipu nyuma ya ukingo huo, milimita chache kutoka kwenye ncha. Hakikisha mpira haujapinda wala haugusi mkanda, feni au bomba la ekzosi. Kaza klipu hadi ishike imara, lakini isizame: mpira ukianza kufura kupitia matundu ya klipu, umekaza kupita kiasi na unaukata.

Kutia maji na kutoa hewa

Funga koki. Jaza polepole mchanganyiko wa kulanti na maji safi, aghalabu nusu kwa nusu ikiwa kulanti haijachanganywa kiwandani. Kuna wanaouliza ya nini kulanti katika nchi ambayo maji ya rejeta hayagandi kwa baridi. Jibu ni kwamba huzuia kutu na huongeza kiwango cha kuchemka. Maji ya kisima yenye chumvi huacha magamba ndani ya rejeta sawa na yale yaonekanayo kwenye birika la chai. Vilevile, usichanganye kulanti kwa kufuata rangi. Rangi hutofautiana kati ya kampuni na kampuni, kwa hivyo soma maandishi kwenye mkebe na kitabu cha gari.

Hewa iliyonaswa ndani huleta joto kali ingawa rejeta inaonekana imejaa. Washa injini kifuniko kikiwa wazi, weka hita kwenye moto kabisa, na uiache ingurume yenyewe. Ubinyebinye mpira wa juu na utaona mapovu yakitoka na maji yakishuka, ongeza. Magari mengine yana skrubu maalumu ya kutolea hewa, na mengine hutoa hewa vyema pua yake ikiwa imeelekezwa mlimani. Mpira wa juu ukipata moto ghafla, themostati imefunguka. Mapovu yakikoma, funga kifuniko, jaza tangi la akiba hadi alama yake, na usubiri feni iwake na kuzima angalau mara moja.

Hapa kuna ushauri ambao huenda ukausikia gerejini na ambao unapaswa kuukataa: kwamba themostati iondolewe kabisa 'ili gari lipoe.' Injini isiyo na themostati hufanya kazi ikiwa baridi kupita kiasi barabarani, hunywa mafuta zaidi na huchakaa mapema. Ikiwa themostati imekwama, dawa ni mpya.

Endesha gari mwendo mfupi, liache lipoe usiku kucha, na uangalie kiwango cha maji asubuhi. Kupungua kidogo ni kawaida, kwani hewa iliyobaki imetoka. Kaza tena klipu za skrubu, maana mpira mpya hujibana baada ya kupata joto mara ya kwanza. Rudia ukaguzi baada ya siku mbili au tatu; kiwango kikiendelea kushuka, rudi kwenye katoni na tochi.

Maji machafu yaliyobaki kwenye karai yasimwagwe mtaroni wala uani. Mbwa, mbuzi na hata watoto huvutiwa na utamu wake. Yatie kwenye mtungi wenye kifuniko, uandike kilichomo, na uupeleke kwenye gereji inayokusanya oili chafu.